Magurudumu Manane kwenye Kipupwe

Jumamosi, tarehe 6

Kipupwe kimeingia bila kubisha hodi. Nimefungua mlango asubuhi, pumzi yangu ikatangulia nje kama moshi wa mtu anayevuta kwa siri. Mke wangu, akiwa chini ya mablanketi mawili, akauliza, "Unakwenda wapi na baridi hii?"

"Kuendesha baiskeli."

"Unamkimbia nani?"

Swali zuri. Nilipokuwa nalitafutia jibu, nikajikuta nimeshavaa soksi za pili.

Tuko wanne. Mwalimu amestaafu shule, lakini kufundisha hajastaafu. Dereva aliendesha malori ya masafa marefu mpaka mgongo ukamkatalia. Mkunga amezalisha nusu ya mji huu, na nusu hiyo anaongea nayo kana kwamba bado imefungwa nepi. Wa nne ni mimi, fundi cherehani ambaye macho yameanza kumkwepa tundu la sindano. Mtaani wanatuita Magurudumu Manane. Sheria tunayo moja tu, aliitunga Mwalimu: anayechoka kuliko wote anakaa mbele, ili asiachwe. Kwa hiyo kwetu sisi kuongoza ni msiba. Mtu akiambiwa "leo tuongoze" hukunja uso kama aliyetajiwa jina la ugonjwa.

Leo hakuna aliyeongoza zaidi ya kona mbili. Wenye akili zao wamejifungia ndani, barabara ikabaki yetu. Mwanzoni baridi inakuzaba makofi, machozi yanatoka yenyewe, wapita njia wanadhani umefiwa. Ukifika kiwanda cha matofali damu inazinduka, vidole vya miguu vinarudi kimoja kimoja kama watoto walioitwa kula, unaanza kulegeza skafu. Kifuani nimeweka gazeti chini ya sweta. Nimegundua habari mbaya huzuia upepo vizuri kuliko habari njema, labda kwa sababu kurasa zake ni nyingi.

Tumerudi na mashavu yanayowaka. Mke wangu amenitazama, akasema, "Umependeza. Kaa mbali na mimi, una mikono ya maiti."

Jumapili, tarehe 7

Mapaja yanauma. Nina furaha.

Jumanne, tarehe 9

Ile "mikono ya maiti" imenikaa. Nimetoa koti langu la zamani la sufu, ambalo mke wangu amekuwa akilifukuza nyumbani tangu tulipooana, nikalikata. Nimeshona mifuko ya kuvisha usukani: unaingiza mkono mzima ndani, mshiko na mkono wa breki vyote vimo humo, halafu kamba inazungushwa na kukazwa upepo usipate pa kuingilia. Glavu si kitu mbele yake.

Sufu huloweshwa kwanza, ikauke, ndipo ikatwe. Hilo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza analijua. Lakini kwa manyunyu haya ingekauka lini? Nimekata kavukavu. Na nimeibana sawasawa. Maisha yangu yote nimewaambia wateja kwamba nguo inayopwaya ni ya mtu mwingine.

Koti lilikuwa kubwa. Nimewashonea na wenzangu.

Jumatano, tarehe 10

Nimegawa mifuko. Mwalimu ametoa hotuba fupi, kwa kipimo chake. Dereva ameingiza mikono, akafumba macho. "Fundi, hii ni kama kurudi tumboni."

"Tumboni najua ulivyotoka, mama yangu ndiye aliyekuzalisha," alisema Mkunga. "Ulikuja miguu mbele." Yeye mfuko ameukataa. Huvaa soksi mikononi, moja nyekundu na moja ya kijani, na anasema mkono unataka uhuru. Kazi ya siku nzima, halafu mtu anachagua soksi!

Manyunyu njia nzima, na mikono ikawa moto kama mikate. Nilitamani nikutane na mtu nimpe mkono.

Jumamosi, tarehe 13

Manyunyu. Raha tupu. Tumeendesha hadi darajani, tukanywa chai ya tangawizi kutoka kwenye themosi ya Mkunga tukitazama mvuke ukitoka kwenye vikombe, kwenye midomo, hata kwenye kipara cha Mwalimu alipovua kofia. Chai ya baridini ina ladha ambayo haipatikani jikoni. Nadhani ni ladha ya kuwa umeistahili.

Jumatano, tarehe 17

Mvua. Kile kilima kidogo cha kituo cha mafuta, ambacho hata si kilima bali ni barabara iliyovimba, leo kimenitoa jasho. Nadhani nilikula vibaya.

Jumamosi, tarehe 20

Sikula vibaya.

Tulipofika kituo cha mafuta miguu yangu ikawa kama inakanyaga uji wa jana. Nikaanza kuhema kwa sauti, nikajifanya naimba. Mwalimu hakudanganyika. Alikuja ubavuni, akasema taratibu, kwa sauti ile waliyokuwa wakiitumia walimu kumwambia mtoto kwamba mzazi wake amekuja kumchukua: "Fundi, hebu tuongoze leo."

Nimeongoza. Kutoka kituo cha mafuta hadi nyumbani kwangu, mbele ya macho ya mtaa wote. Muuza mboga akanipungia mkono kwa heshima, maskini, hajui sheria yetu.

Kumbe na langoni nilikuwa nasubiriwa. Binti yangu anauza dawa katika duka la mji wa jirani, na huja Jumamosi. Tangu aanze kazi hiyo hawezi kumwona mtu bila kutafuta ugonjwa wake.

"Shikamoo baba."

Nikataka kusema marahaba. Likatoka "ma," nikapumzika, "raha," nikapumzika tena.

Alisubiri chai imiminwe. Kisha akasema yote. Kwamba baba yangu aliondoka kwa moyo. Kwamba kaka yangu aliondoka kwa moyo. Kwamba yeye hataki kupigiwa simu na mpita njia. Mama yake alikuwa akichambua mchele kimya, na mke wangu akinyamaza ujue kura imeshapigwa.

Tumeafikiana hivi. Kila mwisho wa kipupwe sisi wanne hupanda hadi kwenye tangi la maji juu ya kilima. Ndiyo sherehe yetu. Safari hii binti yangu atanisubiri langoni. Nikirudi nikaweza kuzungumza naye bila kukatika pumzi, baiskeli ni yangu. Nikishindwa, inakwenda kwa mumewe.

"Na kabla ya hapo uende hospitali, baba."

"Nitakwenda."

"Wiki hii?"

"Nimesema nitakwenda," nikasema, kwa vituo vitatu.

Jumatatu, tarehe 22

Ukungu. Sikutoka. Nimeifuta baiskeli vumbi ambalo haikuwa nalo.

Jumatano, tarehe 24

Leo nimewachukia rafiki zangu.

Nilikuwa mbele tena. Tulipofika ukuta wa ghala la saruji Mwalimu akasema, "Simameni kidogo, tutazame mandhari." Mandhari gani? Ukuta wa saruji! Tukautazama. Mbele kidogo Dereva akasema tairi lake lina sauti, akainama kulikagua, akakaa pale chini muda wa kutosha kulijua kwa jina. Nikaelewa. Wananihurumia. Wanajifanya wamechoka ili nisione aibu. Huruma ya namna hiyo inauma kuliko goti.

Na baiskeli zetu zote zinalia siku hizi, chii, chii, kama vifaranga. Dereva anasema ni chuma kinalalamika baridi. Yeye ndiye mtaalamu.

Asiyejifanya chochote ni Mkunga. Anatuzunguka na soksi zake, mbele, nyuma, anaimba, anasalimia watu, anasimama kumwuliza mama mmoja mtoto ameota meno mangapi, kisha anatukuta tena hata hatujafika kona. Ana umri wa kunizidi. Nimeanza kuitilia shaka ile themosi yake.

Jumamosi, tarehe 27

Mvua kubwa, hatukutoka. Lakini mkwe wangu amekuja, eti kunijulia hali. Ni kijana mpole, mrefu kama ngazi. Tulipokuwa tunazungumza habari za mvua nikaona jicho lake linakwenda uani, linarudi, linakwenda. Baadaye nimemkuta amesimama kando ya baiskeli yangu, ameweka kiganja juu ya kiti, halafu kiganja kilekile akakipeleka kiunoni kwake.

"Naona iko chini kidogo," akasema alipogundua niko nyuma yake.

"Iko chini kwa sababu mwenyewe bado yuko juu ya ardhi," nikamjibu.

Akacheka sana. Mimi kidogo.

Alhamisi, tarehe 2

Nimekwenda hospitali. Naandika polepole kwa sababu mengi yametokea.

Nilimwambia mke wangu nakwenda kutafuta vifungo. Akasema, "Kawasalimie madaktari."

Ukumbi wa kusubiri ulikuwa na mabenchi ya mbao yaliyosuguliwa na wasiwasi wa watu mpaka yakang'aa. Nikakaa. Nilipogeuka kumsalimu jirani yangu, nikamkuta ni Dereva, amevuta kofia hadi puani.

"Ah! Fundi! Mimi nimekuja kumwona mgonjwa."

"Mgonjwa gani?"

Akafikiri. "Bado namtafuta."

Kabla sijamjibu mlango ukafunguliwa, akatoka Mwalimu, ameshikilia pamba kwenye mkono. Alitutazama kama mtu aliyefumaniwa. "Nilikuja kuchangia damu," akasema.

"Kwa umri wako?"

"Ndiyo hivyo. Wamenikatalia."

Tukakaa watatu, hakuna aliyemtazama mwenzake. Jina langu likaitwa.

Daktari ni binti ambaye ningeweza kuwa nimemshonea sare za chekechea. Amenibandika nyaya, amenipandisha na kunishusha ngazi, amesikiliza mgongo wangu kama anayesikiliza majirani ukutani. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimeshaamua hata baiskeli nitaikabidhi vipi, kwa maneno gani, na kwamba kengele ningeibakiza mimi. Mikono ilikuwa baridi kuliko siku yoyote ya barabarani.

"Mzee wangu," akasema, "moyo wako hauna neno. Mapafu nayo safi. Unafanya mazoezi gani?"

"Baiskeli."

"Basi ndiyo dawa yako hiyo. Usiiache."

Nilimwomba arudie. Akarudia. Sioni haya kuandika kwamba nilitoa leso, nikasingizia mafua.

"Sasa mbona nachoka hivi, daktari?"

Akatazama tarehe yangu ya kuzaliwa kwenye karatasi, akatabasamu, tabasamu lile ambalo vijana wanatupa badala ya jibu.

Nikatoka na moyo mzima na roho iliyochoka. Nje walikuwa wananisubiri. Mwalimu mzima. Dereva mzima. Na hapo ndipo tulipoambiana ukweli: kumbe hakuna aliyenihurumia. Ukuta wa saruji ulikuwa mapumziko ya kweli. Dereva pale chini kwenye tairi alikuwa anasubiri dunia iache kuzunguka. Wote tulikuwa tunachoka, tangu wiki zilezile, kwa kiasi kilekile.

"Basi ni uzee," akasema Mwalimu. "Umetufikia pamoja, kama basi la shule."

Nimewaomba radhi kimoyomoyo kwa ile Jumatano.

Jumamosi, tarehe 4

Ukungu. Tumekutana, hatukwenda mbali. Mwalimu amependekeza, na sisi tumekubali, kwamba safari ya kwenye tangi iwe ya kuagana. Ugonjwa una daktari, uzee hauna. Mkunga ametusikiliza mpaka mwisho akitupuliza kwa macho kama chai ya moto.

"Na mimi je? Niendeshe na nani?"

"Wewe bado una nguvu, Dada Mkunga."

"Nawazidi miaka nyie watoto! Nguvu nimezipata wapi, kwenye soksi?"

Tukacheka. Laiti tungemsikiliza badala ya kucheka.

Jumanne, tarehe 7

Mvua imekatika. Upepo mkavu, baridi ya kukata.

Mke wangu amesema mifuko ya usukani inanuka kama mbuzi aliyenyeshewa, akaivuta aifue. Ikagoma kutoka. Ilibidi nishike baiskeli na yeye avute, kama tunang'oa jino. "Ulishona au uliigundisha?" akauliza, akaondoka nayo.

Nikapata nafasi ya kupaka mnyororo mafuta. Nimeipindua baiskeli, nikazungusha gurudumu kwa kidole, nikaenda kuchukua kitambaa jikoni. Nimerudi, linazunguka. Nimepaka mnyororo wote, linazunguka. Kimya, bila kifaranga hata kimoja. Nikakaa kwenye kibao, nikalitazama likizunguka, na baridi nyingine, si ya hewa, ikanipanda mgongoni.

"Mama Watoto! Ilete hiyo mifuko!"

"Ina sabuni!"

"Ilete na sabuni yake!"

Nimeivisha kwa nguvu, nikafunga kamba kama kawaida. Nikazungusha gurudumu. Chii, chii, likasimama.

Nikavua. Likazunguka. Nikavisha. Likasimama.

Sufu isiyoloweshwa ikinyeshewa husinyaa. Na sisi tuliinyeshea wiki baada ya wiki. Ilikuwa inajikunja kidogo kidogo kila safari, imekumbatia mshiko na mkono wa breki kwa pamoja, inauvuta, inauvuta. Nimetazama raba za breki: zimeisha, zimebaki nyembamba kama ganda la kitunguu.

Mke wangu alisimama na mikono iliyojaa povu, akatazama gurudumu, akanitazama mimi.

"Kwa hiyo kipupwe chote mlikuwa mnapanda vilima mmeshika breki."

"Inaelekea."

"Wazee wazima watatu."

"Ndiyo."

Aliingia ndani taratibu, kwa adabu. Kisha nikasikia kitu kimeanguka kitandani, na kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu enzi za uchumba wetu. Nilikaa uani nikikisikiliza. Kisha na mimi kikanishika, nikacheka mpaka nikahema, na kule kuhema kulikuwa kutamu, kwa sababu nilijua kunatoka wapi.

Jumamosi, tarehe 11

Siku ya tangi. Jua lisilo na joto, mbingu safi.

Wamekuja na nyuso za kuaga. Mwalimu alikuwa amevaa tai. Kabla hajafungua mdomo nikasema, "Subiri. Geuzeni baiskeli." Nikawaonyesha. Nikawaeleza habari ya sufu, ya kulowesha, ya haraka yangu. Nilitegemea kutukanwa na nilikuwa nimestahili.

Aliyeanza ni Mkunga. Alikaa kwenye ukingo wa barabara, akajifunika uso kwa soksi zote mbili, mabega yakamtikisika. "Breki! Mmekwenda mpaka hospitali kwa ajili ya breki!"

Mwalimu alivua tai, akaikunja, akaitia mfukoni. "Nilikuwa nimeandika kurasa nne," akasema kwa huzuni ya kweli.

Aliyeumia kuliko wote ni Dereva. Alikuwa amechuchumaa anazigusa raba zilizokwisha. "Mimi," alisema, "nilikuwa nikisinzia kwenye kiti cha abiria, breki ya lori ikishika kidogo tu, naamka. Mimi! Chuma kinalalamika baridi, eti!" Kisha akainuka, akanishika bega, akaanza kucheka na yeye, machozi yakamtoka, na safari hii baridi haikuhusika.

Tukapita kwa fundi baiskeli, tukabadilisha raba. Mifuko tukaitia kapuni. Halafu tukapanda.

Sijui niandikeje. Kituo cha mafuta tulikipita sikukiona. Kilima kilekile kilichokuwa kikinidhalilisha, leo miguu ilikipanda kana kwamba mtu ananisukuma kiunoni. Bila kujua, wiki zote zile tulikuwa tunajengwa. Mikono iliganda, pua ikachuruzika, na sikujali hata kidogo. Hewa ilikuwa na ladha ya chuma na majani. Mbele yangu Mwalimu alikuwa amesimama kwenye pedeli, mzee wa heshima zake, anapiga mluzi.

Tukasikia sauti kutoka chini. "Nyie! Sheria! Sheria ni sheria!"

Ni Mkunga, soksi moja imeinuliwa juu kama bendera. Tukamsubiri. Akapita katikati yetu akihema, akakaa mbele, kichwa juu, akatuongoza hadi kwenye tangi polepole kama bibi harusi. "Kwa mara ya kwanza," alisema, "naona mandhari bila migongo yenu." Na chai ya themosi ni chai tu. Niliinusa.

Binti yangu alikuwa langoni na mumewe. Mumewe alikuwa na spana mfukoni, nimeiona mimi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu," nikasema, na bila kushuka nikaanza kumsimulia: koti, sufu, manyunyu, kamba, ukuta wa saruji, mgonjwa wa Dereva asiyepatikana, damu ya Mwalimu, daktari na nyaya zake na alivyosema kwamba hii ndiyo dawa yangu nisiiache, povu la mama yake, gurudumu linalozunguka bila mwisho, yote, pasipo kituo, mpaka akainua mikono miwili.

"Basi, baba! Nimeelewa! Pumua!"

Alinikumbatia pale pale, na usukani katikati yetu. Nikahisi kifua chake kikishuka. Sikujua kwamba na yeye alikuwa amebana pumzi kipupwe chote.

Mkwe akairudisha spana ndani zaidi ya mfuko.

Jumapili, tarehe 12

Mapaja yanauma. Nina furaha.

Jumamosi, tarehe 25

Baridi inaanza kulegea. Mkwe amejinunulia baiskeli yake mwenyewe, ndefu kama yeye, na ameomba kujiunga. Tumekuwa Magurudumu Kumi. Tatizo ni kwamba ana miguu ya twiga: Jumatano tulimwona mgongo tu, kisha hata mgongo hatukuuona.

Tumekaa kikao. Mwalimu alisema kijana atachoka kutusubiri na atatuacha. Dereva alisema apewe mzigo abebe. Mkunga akakoroga chai yake, akaniuliza, "Fundi, ile mifuko yako uliitupa?"

Sikuwa nimeitupa. Fundi hatupi kitambaa.

Leo asubuhi nimemvalisha, nikamfungia kamba mimi mwenyewe. Ameguswa sana. "Ina joto kweli, baba," alisema, na tumekwenda sote hadi darajani tukizungumza vizuri, bega kwa bega. Penye kilima cha kituo cha mafuta alianza kuhema, na Mwalimu akamsogelea ubavuni kwa upole.

Ametuongoza hadi nyumbani. Muuza mboga amempungia mkono.

Nitamwambia. Ngoja kwanza joto lirudi.